Wanapima nini matopeni? Kazi ya mtafiti wa ardhioevu, kutoka Ihefu hadi delta ya Rufiji

Kila kiangazi, mto Ruaha Mkuu unapokatika, yaani unapoacha kutiririka, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na picha za viboko waliobanana kwenye dimbwi la mwisho zikaanza kuzunguka kwenye simu, Mbeya na Iringa huzuka mjadala uleule. Mmoja atasema ni ng'ombe. Mwingine atasema ni mpunga. Wa tatu, ambaye aghalabu ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote, atauliza: hivi hawa wataalamu wanaokuja na mabuti na madaftari tangu sisi watoto, wamegundua nini? Miaka yote hiyo wanapima matope tu?

Nitalishika hilo swali la tatu, kwa sababu likijibiwa vizuri, yale mawili ya kwanza hupungua ukali. Tena halihusu Ihefu, kinamasi cha tambarare ya Usangu, peke yake. Wapo vijana wa huku nyanda za juu wanaosomea mazingira Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, halafu wanajikuta wameingia kwenye mikoko hadi magotini kule Rufiji, huku nyumbani watu wakijiuliza mtoto wa Makambako anatafuta nini baharini. Anatafuta kitu kilekile ambacho mwenzake anakitafuta Ihefu, na maji anayoyapima yeye huenda yalipita Igawa, huku Mbarali, kwanza, maana Ruaha Mkuu humwaga maji yake Rufiji.

Tuanze na ardhioevu yenyewe. Ni eneo ambalo maji hukaa muda wa kutosha kuubadilisha udongo na kuamua mimea gani iote. Si lazima yawepo mwaka mzima, wala si lazima yaonekane juu. Mkataba uliosainiwa mjini Ramsar, Iran, tarehe 2 Februari 1971, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2000, unafungua mlango zaidi: unahesabu mabwawa, mito, chemchemi, mashamba ya mpunga, na hata bahari pale ambapo maji yakikupwa kina hakizidi mita sita. Kwa hiyo kinyungu cha mama anayelima maharage na mboga bondeni kule Mufindi wakati wa kiangazi ni ardhioevu. Majaruba ya Kapunga nayo ni ardhioevu, na mikoko ya Rufiji pia. Nchini kwetu maeneo manne yameingia kwenye orodha ya mkataba huo: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, bonde la Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa. Usangu haimo, jambo ambalo wengi hawaamini wakiambiwa.

Sasa, mtafiti anajuaje kwamba hapa ni ardhioevu wakati kiangazi kimeshika na nyasi zimekauka? Hatafuti maji, anachimba. Anazungusha keekee ya udongo hadi kama nusu mita, anaichomoa na kuulaza udongo kwenye nailoni kwa mpangilio, wa juu juu, wa chini chini. Udongo wa mlimani ni mwekundu kwa sababu chuma kilichomo kimekutana na hewa kikafanya kutu. Bondeni mambo ni tofauti. Maji yakiziba matundu yote ya udongo, hewa hukosekana, na vijidudu vinavyoozesha majani hulazimika kutumia kile chuma badala ya oksijeni. Wekundu unaondoka. Kinachobaki ni kijivu, pengine kijivu kinachoelekea samawati, na ndani yake unaona michirizi ya rangi ya chungwa, myembamba kama uzi, ikifuata njia ambazo mizizi ilipita. Mimea ya majini hushusha hewa kupitia mizizi yake, ndiyo maana kutu hutokea hapo tu. Michirizi hiyo inamwambia mtafiti kwamba mahali hapa hujaa maji msimu baada ya msimu, hata kama mwaka huu hapana maji.

Pwani ushahidi unakuja kwa pua. Maji ya bahari yana salfa nyingi, na vijidudu vikiitumia vinatoa gesi yenye harufu ya yai viza. Watu hudhani mikoko inanuka kwa sababu ya uchafu wa mjini. Uchafu upo sehemu nyingine, sikatai, lakini harufu ile ni ya kawaida kabisa kwa tope lisilo na hewa, na ingekuwepo hata kama kusingekuwa na mji jirani.

Baada ya udongo yanakuja maji, na hapa ndipo miaka inapokwenda. Pembeni mwa mto kunasimikwa ubao wenye namba za kina. Mtu wa kijiji cha jirani hulipwa posho kuusoma asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari. Lakini kina cha maji bado hakikuambii maji mangapi yanapita, kwa sababu mto mwembamba wenye kasi na mto mpana uliozubaa vinaweza kusoma namba ileile. Basi mtaalamu hurudi masika na kiangazi, anapima upana, kina na kasi, hadi apate uhusiano kati ya namba ya ubaoni na mita za ujazo zinazopita kila sekunde. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani mapipa matano. Halafu gharika moja inakuja, inahamisha mchanga wa chini, na uhusiano wote unavurugika. Anaanza upya. Anayemwona kila mwaka amesimama palepale na kifaa kilekile ana haki ya kudhani kuwa amekosa kazi.

Ila bila daftari hizo tusingekuwa na la kusema. Kwenye kituo cha Msembe, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, vipimo vipo tangu miaka ya 1960. Ndiyo maana inajulikana kwamba zamani mto ulipita mwaka mzima na kwamba tangu 1993 umekuwa ukikatika kiangazi. Hakuna mzee anayehitaji kuapa.

Kwa nini unakatika? Hapa inabidi kulielewa bonde. Mito ya Ruaha Mkuu, Mbarali, Kimani na Chimala inashuka kutoka Uporoto na Kipengere, ambako mvua hufika milimita 1,500 kwa mwaka na zaidi, na Ndembera unatokea upande wa Mufindi. Yote inaingia tambarare ya Usangu ambayo yenyewe hupata milimita kati ya 500 na 700 tu, na jua lake ni kali. Mwisho wa tambarare, kabla mto haujaingia hifadhini, kuna kizingiti cha mwamba mahali panapoitwa Ng'iriama. Maji yanarundikana nyuma ya mwamba huo, na mrundikano huo ndio Ihefu.

Chukua karai, ulitoboe ubavuni, vidole vinne hivi juu ya kitako, kisha ulijaze maji. Yatatoka tundu kwa nguvu, yatapungua, na yakifika usawa wa tundu yataacha kutoka. Karai bado lina maji, na wewe uliye nje hupati hata tone. Ihefu ni karai hilo, Ng'iriama ndilo tundu, na hifadhi ndiyo iko nje. Ukiruka na ndege mwezi Oktoba utaona kijani na maji yanayong'aa upande mmoja wa mwamba, na mchanga mkavu upande wa pili, na picha zote mbili ni za kweli.

Ongeza jambo moja: karai hili lipo juani na limejaa mimea inayokunywa. Mwaka 2006, Japhet Kashaigili wa SUA na wenzake, miongoni mwao Henry Mahoo wa SUA na Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, walitoa hesabu ya miaka 1958 hadi 2004. Maji yaliyokuwa yakiingia Ihefu kati ya Julai na Novemba yalikuwa yamepungua kwa takriban asilimia 70. Eneo lenye maji kiangazi lilikuwa limeshuka kutoka kilomita za mraba 160 hadi 93. Wakakadiria pia kwamba ili mto uendelee kuishi hifadhini, zinahitajika kama mita za ujazo 0.6 kwa sekunde zitoke Ng'iriama. Na ili hizo 0.6 zitoke, lazima takriban 7 ziingie, yaani karibu mara mbili ya zilizokuwa zikiingia wakati huo.

Irudie hiyo hesabu taratibu. Saba ziingie, sehemu ya moja ndiyo itoke. Nyingine zinapanda angani kupitia jua na majani, na kulishikilia bwawa juu ya usawa wa mwamba. Hapa ndipo unapokutana na dhana inayopendwa sana hata mashuleni, kwamba ardhioevu ni sifongo: inanyonya masika, inakamuliwa kiangazi. Kwa mabonde madogo ya milimani, yale ya vinyungu, kuna ukweli ndani yake, maji huvuja polepole na kulisha kijito. Ihefu haifanyi hivyo. Kiangazi Ihefu ni mlaji mkubwa, na anayetaka maji ya chini yake lazima amshibishe yeye kwanza.

Kwa kusikia hivyo wapo wanaoruka haraka kwenye jibu: basi tuchimbe mfereji upite pembeni, maji yaende hifadhini bila kupita Ihefu. Inawezekana kiufundi. Utakuwa umeokoa viboko wa Msembe kwa kuua ndege, samaki na kambale wa Ihefu, pamoja na wavuvi wanaowategemea. Ripoti ya kina Kashaigili yenyewe ilisema suala la kuyasimamia maji ndani ya bwawa lifikiriwe, ila pendekezo lake kuu lilikuwa huku juu: kiangazi, asilimia 80 ya maji ya mito ile ya kudumu yaachwe yafike Ihefu, watu wabaki na 20.

Turudi kwa ng'ombe. Sitamtetea mfugaji kwa kila kitu. Kundi kubwa linakanyaga kingo, linalegeza udongo, linakula majani yaliyoshikilia mwambao. Lakini ng'ombe kunywa maji ni jambo dogo ukilinganisha na mfereji mmoja wa umwagiliaji ulioachwa wazi usiku kucha. Na tuna ushahidi mwingine ambao hatukuutafuta. Kuanzia 2006 wafugaji na mifugo yao waliondolewa Ihefu, na mwaka 2008 eneo hilo likaingizwa kwenye Hifadhi ya Ruaha. Familia nyingi zilihama na ng'ombe wao kuelekea kusini na pwani. Mto uliendelea kukatika. Hili peke yake lingetosha kuzima ule mjadala wa kwanza, kama mijadala ingekuwa inazimwa kwa ushahidi.

Basi ni mpunga? Nusu ndiyo. Eneo la umwagiliaji Usangu lilikua kutoka maelfu machache ya hekta miaka ya 1950 hadi zaidi ya hekta 40,000 kwa mwaka mzuri mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukijumlisha mashamba makubwa ya Mbarali, Kapunga na Madibira na wakulima wadogo wanaoyazunguka. Ila mpunga wenyewe unalimwa masika, maji yakiwa mengi hadi mengine yanafurika. Kinachoiumiza Ihefu ni maji yanayochepushwa kiangazi, wakati shambani hakuna mpunga wa maana. Banio, yaani kizuizi cha mtoni kinachoingiza maji mferejini, linabaki wazi kwa sababu kijiji cha mwisho wa mfereji kinachota humo maji ya kunywa, mtu fulani ana bustani ya vitunguu, na mwingine anataka kulowesha shamba mapema ili awahi kupanda na kuuza mchele bei ikiwa juu. Kila sababu ina mantiki kwa mwenyewe. Maji mengi kati ya hayo yanaishia kwenye majaruba matupu na kurudi angani.

Tena kuna jambo linalokwenda kinyume na tulivyofundishwa kuhusu maendeleo. Banio la asili, la mawe, magogo na majani, lilikuwa linavuja. Mvujo huo ndio uliokuwa ukiwafikia watu wa chini na Ihefu. Likaja banio la zege lenye mlango wa chuma, tukaliita la kisasa, na kiangazi likaweza kuushika mto mzima usibaki hata mchirizi. Lankford ameandika sana juu ya hili. Mhandisi aliyelijenga hakufanya kosa la kihandisi. Lilifanya kazi vizuri kupita kiasi.

Na mvua je? Wengi siku hizi hufunga mjadala kwa maneno "mabadiliko ya tabianchi". Tafiti za Usangu za mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zilitazama kumbukumbu za mvua na hazikuona upungufu mkubwa unaoweza kueleza mto kukatika. Hiyo haimaanishi kuwa tabianchi haibadiliki, wala kwamba milingoti (mikaratusi) iliyopandwa kwenye vyanzo vya maji haina athari. Inamaanisha kuwa mto huu ulikatika kwa sababu iliyo karibu zaidi na mikono yetu.

Umeme nao una uvumi wake. Miaka ya 1990 mgao wa umeme uliposhamiri, lawama ya Mtera kukauka iliangukia wakulima wa Usangu, na mpaka leo utaisikia. Mtera, wenye mitambo ya megawati 80 na bwawa linaloilisha Kidatu ya megawati 204, hujazwa na gharika za masika, na haupokei Ruaha Mkuu tu. Ruaha Mdogo kutoka Iringa na Kisigo nayo inaingia humo. Maji ya kiangazi yanayopotea Mbarali ni machache mno kwa bwawa la ukubwa ule. Yanatosha kumuua kiboko, hayatoshi kuzima taa Dar es Salaam. Vivyo hivyo kwa Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115: katika maji ya mwaka mzima ya Rufiji, Ruaha Mkuu huchangia takriban asilimia 15, wakati Kilombero peke yake huleta zaidi ya asilimia 60.

Hayo yote, ukiangalia, yametoka kwenye zile daftari za asubuhi na jioni. Sasa fikiria maisha ya mtu anayeishi kwa kazi hii. Mfano ninaoupenda uko mbali na kwetu, kwenye nyasi za maji chumvi za Massachusetts, Marekani. Mapema miaka ya 1970 John Teal na Ivan Valiela walichagua vipande vya duara kwenye kinamasi cha pwani kinachoitwa Great Sippewissett, wakaanza kuvimwagia mbolea. Swali lilikuwa jepesi: mji ukimwaga majitaka yenye virutubisho baharini, nyasi hizi zitayasafisha? Miaka ya mwanzo jibu lilipendeza. Nyasi zilirefuka, zikanawiri, virutubisho vikashikwa. Mradi wa miaka mitatu ungefunga kazi hapo, ungeandika ripoti na kula picha na mgeni rasmi. Wao waliendelea kurudi kwenye vipande vilevile kwa miongo.

Kisha kundi jingine, likiongozwa na Linda Deegan, likaweka mbolea kwenye vijito vya kinamasi kingine cha jimbo hilohilo kwa miaka tisa, na mwaka 2012 likatangaza matokeo. Nyasi zilizoshibishwa zilikuwa zimeota majani mengi na mizizi michache, kwa kuwa chakula kilikuwa karibu na hazikuwa na haja ya kukitafuta. Tope likakosa wa kulishika, kingo za vijito zikapasuka na kumeguka, na sehemu iliyokuwa nyasi ikawa tope tupu. Uzuri wa miaka ya mwanzo na uharibifu uliofuata vilitokana na mbolea ileile. Mkulima yeyote wa mahindi Mbozi aliyewahi kuona shamba lililozidishiwa mbolea ya kukuzia likilazwa na upepo atakielewa kisa hiki bila mhadhara.

Kwetu, jina ambalo mwanafunzi wa mikoko hulikuta mapema ni la Adelaida Semesi, profesa wa botania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyefariki mwaka 2001. Mpango wa usimamizi wa mikoko ya Tanzania Bara wa mwaka 1991 ni kazi yake, na mpaka sasa takwimu zinazorudiwarudiwa zinaanzia hapo: takriban hekta 115,000 za mikoko Bara, karibu nusu yake ikiwa delta ya Rufiji. Ukisoma kazi ya namna hiyo unaelewa kwamba kuhesabu ni utafiti. Lazima mtu aingie na mtumbwi maji yakijaa, atoke kabla hayajakupwa, atofautishe mlilana unaotangulia mbele kwenye tope jipya, mkaka wenye mizizi ya matao, na mchu unaovumilia chumvi iliyokolea huku nyuma, kisha aandike nani yuko wapi. Bila hesabu hiyo ya kwanza, anayekuja baadaye hawezi kusema kilichopungua.

Huku kwetu tumeshaona gharama ya kuchelewa kuhesabu. Korongo la Kihansi, ukingoni mwa Udzungwa mpakani mwa Iringa na Morogoro, lilikuwa na ardhioevu ya hekta chache tu iliyoloweshwa na marasharasha ya maporomoko. Chura mdogo anayeishi humo na si mahali pengine popote duniani aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi wa mradi wa umeme ukiwa umeshaanza. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, yaliyoshuka korongoni yalipungua kwa takriban asilimia 90, na marasharasha yakakatika. Mwaka 2000 vyura kama 500 wakapelekwa Marekani kutunzwa, mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kutoweka porini, na mwaka 2012 baadhi ya vizazi vyao wakarudishwa korongoni, kwenye mabomba ya kunyunyizia yaliyowekwa kuiga maporomoko. Wanasayansi wamejadili sana chanzo cha kuporomoka kwao, kwani na ugonjwa wa ukungu wa ngozi uliwapata. Kuamua ni kipi kiliwaua kungekuwa rahisi zaidi kama kungekuwepo vipimo vya miaka kumi kabla ya mradi.

Kwa hiyo anayeniuliza kwa nini wataalamu "hawakubaliani", huwa namwuliza kwanza wamepima kwa muda gani. Fedha za utafiti huja kwa miaka mitatu, minne ikizidi. Usangu ilipata miradi mikubwa miwili iliyofuatana kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na 2005, ikatoa karibu kila kitu nilichokieleza hapo juu, halafu ikafungwa. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa, ndiyo iliyobaki na mito, mabanio na vibao vya kina. Kwa maoni yangu, posho ya msoma kibao wa kijijini ndiyo fedha yenye faida kubwa kuliko zote katika sayansi hii, na ndiyo ya kwanza kusahauliwa bajeti ikibana. Semina haisahauliki.

Na yule kijana wa Makambako aliyeko delta? Swali analokabiliana nalo ni jipya kabisa. Mikoko husimama juu ya tope linaloletwa na mto. Bahari inapanda, kwa wastani wa dunia milimita tatu hadi nne kwa mwaka, na mikoko huweza kwenda nayo sambamba ikiwa tope linaongezeka kwa kasi hiyo au zaidi. Desemba 2022 Bwawa la Nyerere lilianza kujazwa, na bwawa lolote la ukubwa huo hukamata mchanga na tope kabla havijafika pwani. Je, delta itapata tope la kutosha?

Namna ya kupima ni ya kushangaza kwa urahisi wake. Mtafiti anatandaza unga mweupe wa jiwe la feldispa juu ya tope, eneo la ukubwa wa meza, anaweka alama na kuondoka. Mwaka unaofuata anarudi maji yakikupwa, anakata kipande kidogo cha tope kama anayekata keki, na anatazama ule mstari mweupe umefunikwa kwa milimita ngapi. Pembeni huwa na nondo iliyopigiliwa chini hadi ikagoma, ya kulinganishia kama ardhi nzima inapanda au inadidimia, maana tope linaweza kuongezeka juu huku lile la chini likishindiliwa. Anaandika namba, anatandaza unga mwingine, anapanda mtumbwi kabla maji hayajajaa. Namba ya mwaka mmoja haina maana yoyote, maana gharika moja ya Kilombero inaweza kuleta tope la miaka mitatu. Namba za miaka kumi zinaanza kusema. Waliotandaza kabla ya Desemba 2022 ndio watakaoweza kulinganisha.